Jimu Nzuri, Karatasi Isiyosomeka: Miezi Mitatu ya Mazoezi na Kipimo Kimoja cha Mwili

Jimu ninayoitathmini hapa iko wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na nimeitumia kwa miezi mitatu, asubuhi nne kwa wiki. Ada ya mwezi ni shilingi 80,000, na mwanachama mpya hutakiwa kuongeza shilingi 15,000 kwa ajili ya kile kinachoitwa kipimo kamili cha mwili. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sina ugomvi na wenyewe, na kwa kuwa kasoro nitakayoieleza kwa urefu wamenisimulia pia rafiki zangu wanaofanya mazoezi kwingine. Kasoro yenyewe ni karatasi ya kipimo hicho. Ina namba kumi na moja na maneno ambayo hata mhudumu anayeitoa hawezi kuyaeleza, na juu ya maneno hayo hujengwa ushauri wa chakula na mauzo ya makopo ambayo, usipoangalia, yatakugharimu kuliko ada.

Nianze na lililo jema, maana lipo na ni kubwa. Vyuma ni vizima, sakafu hupigwa deki kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kocha wa zamu ya asubuhi anaijua kazi yake. Siku yangu ya kwanza alinipa mti wa ufagio, akaniambia niushikilie mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, kisha nichuchumae bila kuuacha utengane na sehemu yoyote kati ya hizo tatu. Nilishindwa mara sita. Wiki mbili zilipita kabla hajaniruhusu kugusa chuma, na magoti yangu, ambayo yalikuwa yakilalamika kila nipandapo ngazi, yamenyamaza. Kwa kazi ya kocha huyu peke yake ada ya mwezi si ghali.

Kipimo hufanyika mezani pa mapokezi, mbele ya watu. Unavua viatu na soksi, unapanda juu ya mizani yenye vibati vinne vya chuma, unashika vishikio viwili, na baada ya nusu dakika mashine inatema karatasi iliyoandikwa Kiingereza kitupu. Binti wa mapokezi aliisoma kutoka juu hadi chini bila kituo, kisha akainua macho.

"Dada, mwili wako una miaka hamsini na tano."

Nina miaka 41. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo kumi na minne umeitoa wapi?"

Akaigeuza karatasi kunionyesha, kana kwamba nilikuwa nabisha kuwa imeandikwa. Sikubisha. Nilitaka kujua mashine imefikaje hapo, na hilo hakuna aliyeweza kunijibu pale, si yeye wala meneja wake. Nilichopewa badala ya jibu ni mpango wa kula wa kalori 1,200 kwa siku, kopo la unga wa protini na pakiti ya chai ya kusafisha mwili. Mpango nikauchukua, vingine nikavirudisha mezani, na juma lililofuata nikaipeleka karatasi kwa afisa lishe wa hospitali ninayotibiwa, ambaye aliisoma akiwa na kalamu mkononi na kukata mistari kadiri alivyoshuka. Mengi ya yanayofuata nimeyapata kwake. Hesabu nimezirudia mwenyewe nyumbani.

Mstari wa kwanza ni uzito, kilo 78, nao hauna maneno. Wa pili ni BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ambao hupatikana kwa kugawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Urefu wangu ni mita 1.62, ukizidisha kwa wenyewe unapata 2.62, na 78 ukigawa kwa hiyo unapata 29.7. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka inayofahamika: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia, ambao wataalamu wa lishe wa kwetu huuita kiribatumbo. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni pa kiribatumbo, na habari hiyo niliistahili. Hata hivyo kanuni hii haikuzaliwa hospitalini. Aliyeibuni katika karne ya 19 ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mwanafalaki na mtaalamu wa takwimu, ambaye alikuwa akitafuta vipimo vya mtu wa wastani katika umma, na jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys na wenzake. Inafaa kulinganisha watu elfu na watu elfu wengine. Kwa mtu mmoja ni dokezo tu, kwa kuwa haijui kutenganisha kilo ya mafuta na kilo ya msuli, na mpakia magunia wa bandarini aliyejengeka mabega anaweza kuandikiwa uzito uliozidi ilhali tumbo lake ni bapa kama kibao cha chapati. Isitoshe, namba hii haihitaji shilingi 15,000. Inahitaji mizani ya duka la dawa na simu yenye kikokotoo.

Afisa lishe aliuacha mstari huo bila kuukata. Mingi iliyofuata haikupata bahati hiyo, na hapa ndipo inapofaa kueleza mashine inafanya nini hasa, kwa sababu wengi wetu tunaamini inaona ndani ya mwili. Haioni. Inapitisha mkondo mdogo sana wa umeme, usiohisika, kutoka kibati kimoja hadi kingine, na kupima mwili unaupinga mkondo huo kwa kiasi gani. Misuli ina maji mengi yenye chumvichumvi na hupitisha umeme vizuri. Mafuta yana maji kidogo na huupinga. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na urefu, umri, uzito na jinsia uliyoingiza, mashine hutumia kanuni ya mtengenezaji kukisia kiasi cha maji mwilini, kutoka kwenye maji ikakisia nyama isiyo mafuta, na kinachobaki ikakiita mafuta. Asilimia ya mafuta, kilo za mafuta, kilo za misuli, asilimia ya maji na hata uzito wa mifupa, vyote vimechotwa katika kisima hichohicho kimoja. Mifupa yangu, kwa mfano, iliandikwa kilo 2.6. Hakuna aliyeipima, ni makisio yaliyotolewa kutoka kwenye makisio mengine.

Nililijaribu jambo hili mwenyewe, na naomba radhi kwa binti wa mapokezi ambaye nilimsumbua mara mbili kwa siku moja. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kunywa chochote, nilipima nikapata kilo 78.0 na mafuta asilimia 38.0, yaani kilo 29.6 za mafuta. Jioni ya siku hiyo, baada ya dakika hamsini za mazoezi na mwili ukiwa bado moto na jasho likinitoka, nikapata kilo 77.6 na mafuta asilimia 35.9, ambayo ni kilo 27.9. Kwa lugha ya karatasi nilikuwa nimeyeyusha takriban kilo 1.7 za mafuta kati ya chai ya asubuhi na adhana ya magharibi. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba nishati inayokadiriwa kuwa kalori 7,700, kwa hiyo kilo 1.7 ni zaidi ya kalori 13,000, kiasi ambacho mwili wangu, kwa mujibu wa karatasi ileile, ungekitumia ukiwa umelala tu kwa siku tisa. Kilichotokea ni kwamba ngozi ilipata joto, damu ikasogea karibu nayo, umeme ukapita kwa urahisi zaidi, na mashine ikanihesabia urahisi huo kuwa misuli.

Simaanishi kwamba kipimo hiki hakifai kabisa. Mtu akipima kwenye mashine hiyohiyo, saa ileile, kabla ya kula na kabla ya mazoezi, mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwelekeo wa namba unaweza kumwambia jambo hata kama namba yenyewe si sahihi. Jimu hii hufanya kinyume: hupima mteja siku anapojiunga, mchana, akiwa ametoka kula, kisha humpima tena mwisho wa mwezi mara tu anaposhuka kwenye mashine ya kukimbilia, na kumpongeza. Sidhani kama wanadanganya kwa makusudi. Wanajua kufurahisha watu na hawajui maana ya ukinzani. Pia sikuona popote onyo kwamba wajawazito na watu waliowekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo hawapaswi kupanda juu ya mizani ya aina hii, na hilo si dogo. Tangazo la mstari mmoja ukutani lingetosha.

Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo nayo yana mstari wake, na mimi niliandikiwa 9. Tisa nini? Si kilo, si asilimia, si sentimita. Ni daraja la mtengenezaji, ambaye ameamua kwamba 1 hadi 12 ni kawaida. Mafuta hayo ni jambo zito, kwa kuwa ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo kuliko yale ya mapajani, lakini afisa lishe aliufuta mstari, akafungua droo, akatoa utepe kama wa fundi cherehani na kunizungushia kiunoni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, nikiwa nimetoa pumzi. Sentimita 94. Akaiandika kwa mkono upande wa nyuma wa karatasi. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa hatari inaanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 na kuwa kubwa kinapozidi 88, na kuna kanuni nyepesi kukumbuka inayosema kiuno kisizidi nusu ya urefu, ambayo kwangu ni 81. Kwa mashine nilikuwa kawaida. Kwa utepe wa shilingi 1,000 nilikuwa nimevuka mpaka wa mbali. Namba hiyo ndiyo iliyonishtua, na haikuwamo katika kipimo kamili.

Tufike kwenye nishati, ambako jimu ilijipinga yenyewe katika bahasha moja. Kalori tunayoitaja kila siku ni kilokalori, yaani joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi, na mwili huchoma nyingi za kalori hizo bila wewe kunyanyua kidole: kupumua, kusukuma damu, kutunza joto, kuendesha ini na ubongo. Kiasi hicho cha chini kabisa ndicho BMR, na karatasi ilisema changu ni 1,415. Nilipojaribu kwa kanuni inayotumika sana ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo huhitaji uzito, urefu, umri na jinsia pekee, nilipata karibu 1,427, kwa hiyo hapa mashine haikuwa mbali. Ukijumlisha shughuli za siku ya mtu anayefanya kazi ya kukaa na mazoezi mara nne kwa wiki, mahitaji yangu yanafika takriban 1,950. Sasa mpango wa chakula uliobanwa kwa pini kwenye karatasi hiyohiyo ulinitaka nile 1,200, pungufu ya kile ambacho mwili unahitaji ukiwa kitandani. Nilimwonyesha meneja namba mbili hizo zikiwa zimepakana. Alisema mpango ni mmoja kwa wote. Basi dereva wa lori wa kilo mia na mimi tunakula sahani moja.

Na sahani yenyewe ilikuwa na samaki aina ya salmoni, brokoli na mkate wa shayiri, pamoja na amri ya kuepuka wanga. Neno wanga limekuwa kama jina la mchawi mjini hapa. Maharage yana wanga, ndizi zina wanga, viazi vitamu vina wanga, na vyote vinakuja na nyuzinyuzi, ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya na ambayo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu na kulainisha choo. Tofauti ya maana jikoni mwangu ni kati ya dona, ambayo punje imesagwa pamoja na ganda na kiini chake, na sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe tupu. Afisa lishe hakunikataza ugali. Alinipunguzia donge, akaniongezea mchicha na dagaa, na kunipangia kalori kama 1,450 ili nipungue polepole.

Kopo la protini lina hadithi fupi. Lebo yake ilisema kijiko cha gramu 30 kina protini gramu 24, wanga gramu 3 na mafuta gramu 1.5. Kanuni ya kugeuza gramu kuwa kalori ni ya zamani, kutoka kwa Mmarekani Wilbur Atwater wa mwisho wa karne ya 19: 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa ya wanga, 9 kwa ya mafuta. Hiyo inaleta 121.5, na lebo iliandika 122, kwa hiyo lebo ilikuwa ya kweli. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alilirudisha kopo kwa hofu akisema lina kalori mia tano na kumi. Alikuwa amesoma kilojuli, kipimo kingine cha nishati hiyohiyo, ambapo kalori moja ni kilojuli 4.184, ni sawa na mtu kuogopa umbali kwa sababu umeandikwa kwa mita badala ya kilomita. Hakuna mhudumu aliyemsahihisha. Kuhusu kama mtu analihitaji kopo hilo, mtu mzima wa kawaida anashauriwa protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, ambayo kwangu ni gramu 62, na anayenyanyua vyuma kwa bidii huongezewa. Yai moja lina gramu kama 6, na gramu mia za maharage makavu zina zaidi ya 20. Kopo liliuzwa shilingi 180,000. Sikuhitaji kikokotoo.

Chai ya kusafisha mwili ni shauri lingine, na hapa sina upole. Kazi ya kuondoa uchafu wa mwili hufanywa na ini na figo, na pakiti haikutaja ni sumu gani inaondolewa wala inapimwaje. Nilipogeuza pakiti, kiambato cha kwanza kilikuwa majani ya sanamaki kwa jina lake la Kiingereza. Bibi zetu wa Pwani wanaijua sanamaki: ni dawa ya kuharisha, hupewa aliyefunga choo, kwa kipimo na kwa siku chache. Kilo mbili zinazopungua kwa wiki ni maji na choo, na hurudi mtu anapokunywa maji. Anayeinywa mwezi mzima anajitafutia upungufu wa madini mwilini, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Bidhaa hii haifai kuuzwa pembeni ya mashine za kukimbilia.

Juu ya mashine hizo limebandikwa bango la mapigo ya moyo lenye rangi, likionyesha eneo la kuchoma mafuta. Msingi wake ni ile hesabu ya 220 kutoa umri, ambayo kwangu huleta 179 kama kiwango cha juu, na asilimia 60 hadi 70 ya hicho ndiyo eneo lenyewe, mapigo 107 hadi 125. Ni kweli kwamba mwendo wa taratibu huchota sehemu kubwa zaidi ya nishati yake kutoka kwenye mafuta, lakini ni sehemu kubwa ya jumla ndogo, kwa hiyo anayeogopa kuongeza kasi asije akatoka eneo la mafuta anajipunja. Hesabu ya 220 nayo ni ya wastani na inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini. Kocha wa asubuhi ana kipimo bora, naye hakukisoma bangoni: ukiweza kuzungumza ila huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani, ukishindwa hata kumaliza sentensi, umeingia kasi kubwa. Wengi wetu tulikijaribu kwa taarabu na tukajulikana.

Baada ya mistari yote, karatasi ilibaki na BMI, uzito na BMR. Miaka hamsini na tano ilikatwa kwa mistari miwili. Kilichofanyika, afisa lishe alinieleza, ni kuilinganisha BMR yangu na wastani wa watu wa umri mbalimbali katika takwimu za kiwanda, na kunipachika pale inapofanana. Hakuna daktari anayetibu kwa namba hiyo. Halafu akanipima vitu viwili ambavyo jimu haikuvigusa, presha na sukari. Presha ilikuwa 138 kwa 88, chini kidogo ya mpaka wa 140 kwa 90. Sukari kabla ya kula ilikuwa 5.9, ilhali ugonjwa wa kisukari huanza kuhesabiwa kwenye milimoli 7.0 kwa lita. Vyote vilikuwa ukingoni, na vyote havina nafasi kwenye karatasi ya shilingi 15,000.

Kwa hiyo tathmini yangu ni hii. Kwa mazoezi, jimu hii naipa nyota nne na nusu; nusu imepotea kwa sababu kuna bafu moja la wanawake na foleni yake saa moja asubuhi haivumiliki. Kwa kipimo na ushauri wa chakula naipa moja, na hiyo ni kwa heshima ya mizani, ambayo kilo zake ni sahihi. Anayetaka kujiunga aombe zamu ya asubuhi, akatae mpango wa chakula wa wote, na aulize kama kipimo ni cha lazima, kwa sababu mwezi wa pili niligundua kuwa aliyekataa kwa sauti alisamehewa. Menejimenti ingefanya jambo jema kununua utepe na mashine ya presha, na kuitafsiri karatasi kwa Kiswahili ili binti wa mapokezi aweze kujibu swali.

Nimelipia miezi mitatu mingine, bila kipimo. Karatasi nimeihifadhi kwa ajili ya upande wake wa nyuma, ambako chini ya mwandiko wa afisa lishe naongeza namba ya kiuno kila mwisho wa mwezi: 94, 93, 91, 90.